Karatasi Moja, Mapengo Mawili

Nipeni kitabu cha safari za angani, au cha wachawi na mapanga, kilichovunjika mgongo na kuliwa na panya pembeni mpaka namba za kurasa zimekwisha. Kimwageni sakafuni. Kisha niwekeeni chai. Kabla sijaimaliza nitakuwa nimekipanga kuanzia mwanzo hadi mwisho, na sitasoma zaidi ya mistari michache kwenye kila karatasi. Najua mnatabasamu, vijana. Hata mimi natabasamu. Nimeacha kazi, macho yanadai miwani, na bado jambo hili linanifurahisha kama mtoto aliyepewa filimbi.

Mimi nilikuwa fundi wa kujalidi vitabu hapa Kisumu. Karakana yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba za Kaloleni, chenye presi ya chuma, meza ndefu, na dirisha lililoelekea ziwani. Aliyenifundisha ni Fundi Oloo, mzee mrefu mwenye ndevu nyeupe, ambaye alipima uzi kwa kuunyosha kutoka puani hadi mwisho wa mkono. Tulishona vitabu vya nyimbo vya makanisa, vitabu vya hesabu vya maofisi, na Biblia zilizochoka. Hiyo ndiyo iliyotulisha. Iliyotuchekesha ni kazi nyingine: vitabu vya hadithi vya Kiingereza vilivyofika katika marobota ya mitumba na kukodishwa madukani. Huko vilikotoka havikushonwa, viligundishwa tu mgongoni, na joto la Kisumu halielewani na gundi ya namna hiyo. Msomaji wa tatu akikifungua, kinamwagika.

Niliingia kazini nikijiona najua. Siku za mwanzo niliachiwa nipike gundi ya unga wa muhogo. Nikaipika vizuri mno: laini, nyeupe, inayonukia. Nikajalidi nayo rundo la vitabu vya nyimbo vya kanisa moja, na nikasahau kutia mrututu, ile dawa ya buluu inayofukuza wadudu na panya. Vitabu vilirudi vimetafunwa migongo yote. Fundi Oloo hakunigombeza. Alikigeuza kitabu kimoja, akakisogeza sikioni.

"Umewapikia panya uji," akasema. "Sasa wako kwaya."

Tangu siku hiyo sijawahi kusahau mrututu, nanyi msisahau.

Sasa, kupanga karatasi zisizo na namba. Kitabu cha hesabu unakipanga kwa tarehe, na Biblia kila mtu anaijua. Lakini hadithi ya nyota za mbali utaipangaje? Nilijaribu kusoma kila karatasi kikamilifu, nikiandika muhtasari kando. Fundi Oloo aliniangalia siku nzima, kisha akasema neno ambalo limenitumikia maisha yangu yote.

"Hadithi nayo iko na mshono, omera. Tafuta mshono."

Mshono, kwetu, ni mahali fungu moja la karatasi linaposhikana na jingine. Yeye alilitumia neno hilo kwa yale mambo yanayorudi katika hadithi moja baada ya nyingine, yanayoshika sehemu zake zisianguke. Alikuwa amejalidi hadithi nyingi kiasi kwamba aliiona mishono hiyo kama anavyoona kola kwenye shati.

Mtoto asiyemjua baba yake, kwa mfano, yuko mwanzoni. Akimjua baba yake, weka karatasi hiyo baada ya katikati, na ujiandae, kwa sababu mara nyingi baba ndiye adui. Unabii hutangulia upanga. Unabii huo hutimia kila mara, ila hautimii jinsi walivyoufikiria. Upanga nao huwakataa mashujaa wenye misuli, ukatulia mkononi mwa kijana mfagiaji, na hapo hupenda kutoa mwanga. Mtu akisafiri kurudi nyuma katika wakati, uwe mwangalifu sana: utakutana na karatasi mbili zinazofanana neno kwa neno. Usitupe moja ukidhani imerudiwa. Ni yeye yuleyule, mara ya pili amesimama nyuma ya pazia akijitazama.

Mshono nilioupenda kuliko yote ni mlango. Mlango uko nyuma ya saa ya ukutani, chini ya kisima, ndani ya bomba la maji taka, popote. Mtoto anaufungua akitafuta kiatu, anajikuta kwenye nchi yenye miezi miwili. Kila nilipokutana na karatasi ya mlango nilipiga meza kwa kofi na kuita "Mlango!" na Fundi Oloo akajibu "Funga, vumbi inaingia!"

Halafu kuna mzee mwenye ndevu anayemfundisha yatima. Huyo usimzoee. Ukiona ametoa nasaha ndefu, karatasi inayofuata ni ya kifo chake. Nilipoligundua hilo nilimtazama mwalimu wangu, nikatazama ndevu zake, nikacheka mpaka nikaangusha mkasi. Aliponilazimisha kueleza, akachezea ndevu kidogo.

"Ndiyo maana mimi nakuambia kila kitu kwa kifupi," akasema.

Watu wamewahi kuniambia kwamba hadithi hizi ni takataka kwa sababu zinarudia mambo yaleyale. Ni kweli zinarudia. Shati nalo lina mikono miwili kila mara, na hakuna anayelalamika. Cha kuangalia ni nani amelivaa na anakwenda wapi. Yeye Fundi Oloo alipenda mshono mmoja tu kwa moyo wote: mashine iliyoundwa isihisi chochote, halafu siku moja ikahisi. Huo ndio uliotuingiza katika mkasa ninaotaka kuwasimulia.

Pale Kaloleni aliishi Mama Pili, jina lake kamili Pilista, mpiga chapa wa ofisi moja ya mjini. Kila Jumapili baada ya kanisa alitoa kiti nje, akafungua kitabu cha Kiingereza, akakisoma kwa Kiswahili moja kwa moja, kwa sababu majirani walikuwa Wajaluo, Waluhya na Wakisii, na Kiswahili ndicho kilichowakalisha pamoja. Watu walikuja na vigoda vyao. Mwaka huo alikuwa anasoma hadithi ya chombo cha angani kinachoongozwa na mashine inayofikiri, na nahodha wake aliyezeeka humo ndani. Majirani walimpenda nahodha huyo kana kwamba ni shangazi yao.

Karibu na mwisho Mama Pili alifanya kosa la msimulizi: aliwaonjesha. Akasema, "Mngojee tu. Nahodha akizidiwa, ile mashine italia."

Akainuka Makokha. Makokha alikuwa dereva wa lori la miwa, mtu wa upande wa Busia, mnene, mcheshi, na hakuna jambo aliloliamini mpaka aligonge kwa spana.

"Mashine kulia? Mama Pili, mimi nimeendesha lori miaka na miaka. Lori ikilia, hiyo ni bering imelika."

Watu walianguka kwa kicheko. Mama Pili akasubiri kinyamaze, hakikunyamaza. Wiki hiyo watoto walimpokea kila jioni: "Mama Bering! Mama Bering!" Na Jumapili iliyofuata vigoda vilikuwa vichache. Wengine walianza kusema kwamba labda nusu ya hadithi zake alizitunga mwenyewe. Hilo ndilo lililomuuma. Akamwita Makokha mbele ya wote.

"Wewe unajua Kiingereza. Jumapili ijayo utasoma hiyo karatasi mwenyewe, kwa mdomo wako. Kama mashine haitalia, mimi sitafungua kitabu tena hapa Kaloleni."

"Na kama italia?"

"Utaomba msamaha kwa kila mtoto aliyeniita Bering."

"Sawa. Na nitakuletea kuku."

"Kuku utamaliza njiani, Mluhya wewe. Niletee msamaha."

Jumamosi, asubuhi, Mama Pili alitokea mlangoni petu na karai lililofunikwa kwa leso. Alipoifunua leso nilidhani ni uji. Kilikuwa kitabu. Kilikuwa kimelala dirishani, dirisha likasukumwa, kikaangukia kwenye nguo zilizolowekwa.

"Fundi, niokoe," akasema. "Kesho Makokha anasoma."

Sikilizeni vizuri hapa, maana hii itawafaa. Kitabu kilicholowa usikianike juani, karatasi zitajikunja kama majani ya chai. Toa karatasi moja moja kwa kisu butu, zilaze kati ya magazeti, zibonyeze, badilisha magazeti, kisha zining'inize kivulini kwa vibanio vya nguo. Ndivyo tulivyofanya. Tatizo ni kwamba kamba zetu tayari zilikuwa na kitabu kingine, cha duka moja la kukodisha kule Mamboleo, kilicholoweshwa na paa linalovuja. Hicho kilikuwa cha joka linalopumua moto na msichana aliyelifuga. Vyote viwili vilitoka katika robota moja. Ukubwa uleule, herufi zilezile, na panya walewale walikuwa wamekula pembe zilezile zenye namba.

Mnajua upepo wa ziwani huja alasiri. Sisi pia tulijua. Tulifunga dirisha, tukasahau mlango. Ulipovuma, vitabu viwili viliondoka kwenye kamba kwa pamoja, vikazunguka chumbani kama kumbikumbi, na karatasi nyingine zikatoka nje. Tulikimbizana nazo uchochoroni, Fundi Oloo akiwa ameishika aproni yake mbele kama mwanamke anayeokota kuni. Karatasi moja ilifikiwa kwanza na mbuzi wa jirani. Nilimkuta anamalizia. Alinitazama bila wasiwasi wowote.

"Ni ya kitabu gani hiyo imekula?" Fundi Oloo akauliza.

"Hajasema."

Tukaketi kutenganisha. Mtafikiri ni rahisi: chombo huku, joka kule. Kwa karatasi nyingi ilikuwa rahisi. Lakini mishono, vijana, mishono! Nilishika karatasi ya mzee mwenye ndevu anayetoa nasaha, nikaiweka kwa joka. Fundi Oloo akaiondoa: "Hata kwenye chombo kuna mzee." Nikashika unabii. Vyote viwili vilikuwa na unabii. Yatima? Wawili. Tulikuwa tunabishana na kucheka, tukisoma kwa sauti, tukinyang'anyana, na mle chumbani joka lilikuwa linaruka kati ya nyota na nahodha anazini... samahani, anazima moto wa kasri. Sijawahi kufurahi kazini kiasi kile, na sijawahi kuogopa kiasi kile.

Mwishowe vitabu vikakaa, kila kimoja na pengo moja karibu na mwisho. Mapengo mawili, karatasi moja mkononi. Ya pili ilikuwa tumboni mwa mbuzi.

Na karatasi ile iliyobaki ilikuwa ya kilio.

Haikutaja jina. Ilieleza mtu mzee aliyelala, mkono wake umeanza kupoa. Ilieleza kiumbe kilicho karibu naye, kikubwa, chenye ubavu wenye joto, kilichokuwa hakijawahi kulia mbele ya mtu, na sasa kililia. Nahodha alikuwa mwanamke mzee. Msichana wa joka naye alikuwa amezeeka kufikia mwisho wa kitabu chake. Na Kiingereza kina kineno kimoja kifupi kinachofunika mnyama, mashine na hata sufuria.

"Kingekuwa Kiswahili," nikasema, maana wakati huo nilikuwa najifundisha sarufi peke yangu na nilijivunia, "kiambishi kingetuambia. Joka *lingelia*. Mashine *ingelia*."

"Joka ingelia, mashine ingelia," akasema Fundi Oloo. "Hapa Kisumu kila kitu *inalia*. Endelea."

Nikajaribu maneno ya mwisho. Karatasi ilikatikia katikati ya sentensi: kiumbe kile, kwa upole, *ikateremsha*. Nikaangalia mwanzo wa karatasi inayofuata katika kitabu cha chombo: *ngazi*. Nikaangalia katika kitabu cha joka: *shingo*, ili ampande. Ikateremsha ngazi. Ikateremsha shingo. Zote mbili zilikaa kama mkono mfukoni. Niliangalia rangi ya karatasi, nikainusa, nikapima ukingo kwa rula. Hakuna tofauti.

Fundi Oloo akafumba macho. "Nani hajalia bado?" akauliza.

Nikarudi kupekua. Joka lilikuwa limelia sura za kati, yai lake lilipovunjika, usiku pangoni. Mashine haikuwa imelia popote.

"Basi ni ya mashine. Hadithi nzuri haimwagi machozi ya mtu mmoja mara mbili. Na Mama Pili amesema amesoma. Shona."

Tukaishona kwenye kitabu cha chombo, kwa uzi wa kitani uliopakwa nta, tundu kwa tundu. Kitabu cha joka kilirudi Mamboleo na pengo lake. Niliwaeleza, na wakakikodisha hivyohivyo. Wasomaji wakalijaza pengo kila mtu kwa namna yake, wakabishana dukani, na kitabu kikakodishwa kuliko zamani.

Mama Pili alipokuja kukichukua alikwenda moja kwa moja kwenye karatasi ile. Akaisoma kimya. Akaisoma tena. Kisha akatutazama, kwanza Fundi Oloo halafu mimi, muda mrefu kidogo kuliko unavyomtazama mtu aliyekushonea kitabu.

"Ero kamano," akashukuru kwa Kijaluo, akakikumbatia, akaenda.

Jumapili vigoda vilijaa mpaka barabarani. Makokha alisimama kwenye ngazi ya nyumba kama mhubiri, akajikohoza, akainua spana aliyokuja nayo makusudi. Watu wakapiga makofi. Akaanza kusoma kwa sauti ya kubeza, akitafsiri taratibu.

"Mkono ya mzee ilianza kupoa. Ikasogea karibu, ikamwekea ubavu yake, kwa sababu ubavu yake ilikuwa na joto..." Sauti ya kubeza ikapungua. "Haikuwa imewahi kulia mbele ya mtu. Ilijua kwamba ikianza haitajua kunyamaza. Ikalia."

Spana ikashuka. Kijana mmoja nyuma akapaza sauti: "Makokha, hiyo si ni bering?"

"Nyamaza, mtoto wa omena! Watu wanasoma."

Akaendelea. "Kisha kwa upole ikateremsha..." Akageuza karatasi. Mimi na Fundi Oloo tulishikana mikono chini ya kigoda kama wachumba. "...ngazi."

Watu wakapumua. Makokha hakurudisha kitabu. Alisoma mpaka mwisho, giza likaingia, mtu akaleta taa ya chemli, na alipofunga jalada aliwaita watoto wote akawapanga mstari. Akamwomba Mama Pili msamaha mara moja kwa kila mtoto, akitaja majina. Mama Pili alicheka mpaka akashikilia ukuta. Toka siku hiyo hakuna aliyemwita Bering, na alisoma pale miaka mingi.

Kazi ilibadilika. Zikaja mashine za fotokopi, zikaja waya za plastiki za kuzungushia karatasi, na maofisi yakaacha kutuletea vitabu vya hesabu. Fundi Oloo alirudi kwao na kuniachia presi. Alipokuwa anaondoka nilitegemea nasaha. Alishika ndevu zake, akatikisa kichwa, akasema, "Mrututu," akapanda gari.

Ilikuwa miaka ya tisini tayari, mvi zimeanza kwangu pia, Makokha alipoingia karakana na mfuko wa sukari uliokunjwa. Mama Pili alikuwa amestaafu na kurudi Seme, kupita Kisian, na macho yake yalikuwa yamefifia, wajukuu ndio waliomsomea. Makokha alikuwa amekiona kitabu cha chombo katika robota jipya, kizima, chenye namba zote. Akakinunua ampelekee.

"Fundi," akasema, akakiweka mezani. "Hii kitabu iko na makosa."

Nilikifungua. Mgongo imara, namba mfululizo, hakuna karatasi iliyopungua. Nikafika pale. Karatasi haikuwa ile. Nahodha alikuwa amelala, ndiyo, na mashine ilitoa sauti, sauti nyembamba, ndefu, iliyojaa chombo kizima. Fundi wa mitambo akaja na taa, akatafuta, akakuta kipande cha chuma kimelika mahali kinapozungukia. Mashine yenyewe ikaelekeza mahali pa kutia mafuta. Kisha ikateremsha ngazi.

Bering, vijana. Ilikuwa bering tangu mwanzo. Mama Pili aliisoma sauti ile akasikia kilio, na kilio chenyewe, kile alichokisoma Makokha, kilikuwa cha joka. Joka lililolia pangoni peke yake, na ambalo kwa hiyo halikuwa limewahi kulia *mbele ya mtu*. Maneno hayo nilikuwa nimeyasoma kwa macho yangu, nikayapita.

Nikamtazama Makokha nikingojea ajigambe. Miaka yote ile, na ushindi wake uko mezani, umechapwa.

"Bwana Makokha," nikasema, "hapa wewe ndiye ulikuwa sahihi."

"Sahihi ya nini? Watoto watamsomea mama yule. Watafika hapa. Halafu aambiwe nini, bering?" Akagonga karatasi kwa kidole. "Hii kitabu wamekosea kuchapa. Mimi nilisoma kwa mdomo yangu. Ilikuwa inalia."

Akatoa kitabu cha pili kwenye mfuko. Kilikuwa kile cha zamani, alichoachiwa na Mama Pili alipohama, kimechakaa kama tambara. Uzi wa Fundi Oloo tu ndio ulikuwa bado mzima.

"Toa hapa, shona hapa."

Nikanoa kisu. Nilikata nyuzi za mwalimu wangu moja moja, nikaitoa karatasi ya kilio, nikainyoosha chini ya presi. Kutoka kwenye kitabu kipya nikatoa karatasi yenye fundi wa mitambo, nikaiweka kando. Nikapaka nta, nikashona. Kisha nikasoma mahali pa kuungana, kama fundi anavyopaswa. *Ikateremsha*, ilisema karatasi ya kale. Nikageuza. *Ngazi*, ilisema mpya.

"Imekaa?" akauliza Makokha.

"Imekaa."

Akakitia kitabu kwenye mfuko wa sukari kwa uangalifu, kama anayebeba mayai. Halafu akaiona ile karatasi niliyoitoa. Akaichukua, akaisoma tena polepole akitingisha kichwa kwa kuridhika, akaikunja, akaitia mfuko wa shati.

"Hii nipe mimi," akasema. "Hii ni ya lori."